Kati ya Thika Road na Juja Road

Bonde la Mathare, Nairobi, limebanwa na barabara mbili kubwa. Kaskazini ipo Thika Road, iliyopanuliwa kati ya 2009 na 2012 kwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Kusini ipo Juja Road na matatu zake. Ukishaiacha lami, unashuka kwa miguu.

Niliteremkia upande wa Mabatini. Kichochoro kinatosha watu wawili kupishana kwa ubavu, mfereji wa maji machafu ukipita katikati, na matairi makuukuu yamezikwa kwenye mteremko kuwa ngazi. Mbele yangu kijana alisimamisha mkokoteni wake wa mitungi ya maji, maana gurudumu halipiti tena hapo, akaanza kuishusha mmoja mmoja begani. Mtungi wa huku chini, aliniambia, hauwezi kuuzwa kwa bei ya kule juu.

Natoka Dar es Salaam, nako kazi ya barabara hatujaimaliza: mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hufurika na mabasi ya mwendokasi husimama. Ila mitaa ya ndani ya Temeke, Ilala na Kinondoni imepata lami, mitaro na taa kupitia mradi wa DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 2015. Tena barabara za mitaa zina mwenyewe, Wakala wa Barabara Vijijini na Mijini (TARURA), tangu 2017. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 za Tanzania kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Mbunge wa kwetu anajua mlango wa kubisha.

Nairobi milango ni mingi. Kwa Katiba ya 2010, barabara za kaunti ni kazi ya gavana. Mwananchi lakini humkamata mbunge, na ndiyo hoja ya wabunge: sisi ndio tunaoulizwa, basi fedha zibaki kwa mamlaka za kitaifa za barabara, KURA na KeRRA. Magavana wanajibu kwamba kazi ikigatuliwa, fedha ziifuate. Mwaka 2024 pande hizo zilivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa matengenezo ya barabara, mwaka uleule ushuru wenyewe ulipopanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta.

"Mama, mimi nikijaza tanki nishalipa barabara," aliniambia mwendesha bodaboda pale stegi. "Sasa nionyeshe yangu iko wapi."

Naona magavana wana Katiba upande wao, na wabunge wana malalamiko ya kweli ya wapiga kura. Lakini hata mmoja wao akishinda, kichochoro cha Mabatini hakina fungu lake, kwa sababu ushuru unaozozaniwa hufikiriwa kwa magari, na hapa watu wanatembea.

Fungu hilo limeshaandikwa kwingine. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini inataka angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa watembea kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Mkazi wa Mathare, mbunge wako na mwakilishi wadi wako wakija kuomba kura, waulize wamepigania kiasi gani cha hiyo asilimia 20 kishuke bondeni.