Ukuta Tuliojenga Usiku

Ndugu mtahiniwa, kila mwaka nikisahihisha mtihani wa majaribio hapa Babati nakutana na insha ileile. Swali likikutaka ueleze tukio usilolisahau, wengi mnaandika juu ya wanafunzi wa Ulaya au Marekani waliokuja kujitolea shuleni. Wageni wanashuka kwenye gari, wanajenga, wanacheza mpira na wenyeji, wanakwenda Ziwa Babati kupiga picha viboko, kisha wanaondoka watu wakiwapungia mkono. Lugha huwa safi, aya zimepangika, nami natoa alama. Lakini kisa hicho kina usiku wake, na usiku huo hamuuandiki. Mimi nilikuwepo.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, katika shule ya kata, moja ya zile zilizoongezeka nchi nzima baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004. Vyoo vya wasichana vilikuwa vimetitia. Kampuni moja ya safari ikatuletea wanafunzi kumi na wawili wa sekondari kutoka ng'ambo, waliochanga fedha za ujenzi ili wajenge wenyewe matundu sita kwa wiki mbili. Mimi nikafanywa mkalimani.

Walikuwa watoto wazuri. Walichanganya mota mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakuna aliyelalamika. Tatizo ni kwamba hawakuwahi kushika mwiko. Wewe je, uliwahi? Tofali la kuchoma hulowekwa kwanza, la sivyo linafyonza maji ya mota na kiungo kinabaki unga. Kila mstari unataka uzi, kila kona inataka timazi. Wao walipanga matofali kama mtu apangavyo vitabu mezani. Jioni ya kwanza fundi alining'iniza timazi yake konani, akaniangalia.

"Mwalimu, ukuta huu hautabeba lenta."

"Basi tuwaambie, Mzee."

"Mkuu amesema wasiambiwe. Watavunjika moyo, na mwakani hawatarudi."

Usiku ule fundi na vibarua wawili waliubomoa kwa mwanga wa taa ya pikipiki, wakakwangua matofali, wakaupanga upya hadi mstari uleule ulipoachwa. Pikipiki niliishika mimi. Ikawa hivyo kila usiku.

Siku ya nne binti mmoja, umri wako hasa, alisimama mbele ya ukuta akaupapasa. Akaniuliza kwa nini mistari aliyoiacha jana imepinda leo imenyooka. Nikamjibu kwamba saruji ikikauka hujinyoosha. Alifungua daftari lake akaliandika jibu langu.

Nimekosea mambo mengi darasani tangu siku hiyo, na mengi nimeyasahihisha kesho yake. Hilo sikupata kulisahihisha.

Methali mnaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tuliwapa siku ya kwanza. Tulichowanyima ni kuambiwa kwamba wanalima vibaya. Tukaita heshima. Nayo heshima hiyo ilikuwa na bei. Saruji iliyochanganywa mara mbili ndiyo iliyokuwa ya lipu na sakafu, na fedha za milango zikalipa vibarua wa usiku. Wageni walipoondoka, matundu sita yalikuwa na kuta na bati, basi. Muhula mzima uliofuata wasichana wetu waliingia chooni wakitundika khanga mlangoni. Khanga hizo sijawahi kuzisoma katika insha zenu.

Mwaka 2014 Mmarekani aitwaye Pippa Biddle aliandika makala iliyosomwa sana duniani. Akiwa mwanafunzi wa sekondari alikuja Tanzania na wenzake kujenga maktaba kwenye kituo cha watoto yatima, na baadaye akajua kwamba wanaume wa pale walikuwa wakibomoa usiku matofali waliyoyapanga wasichana na kuyapanga upya. Shule yetu haikuhusika, lakini niliisoma makala ile ofisini kwa walimu kama mtu anayesomewa mashtaka. Hoja yake ni kwamba fedha zao zingefanya kazi zaidi kama zingelipa mafundi wenyeji. Ni kweli. Ila walioshika taa tulikuwa sisi wenyeji.

Si kwamba kila anayekuja kujitolea hana faida. Mwaka 1961 shirika la Peace Corps la Marekani lilipoanza, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake, na kundi lile la kwanza lilikuwa la wapima, wahandisi na wanajiolojia. Kazi waliyoijia walikuwa wanaijua.

Nawe ukimaliza mtihani utakaa miezi mingi nyumbani kabla ya kidato cha tano. Wengine mtaombwa kusaidia katika shule za msingi za kwenu, na mmoja wenu huenda akavuka mpaka.

Mwaka juzi nilivuka Namanga na wanafunzi wangu kumi na mmoja, kambi ya wiki moja upande wa Kajiado, kujenga ukuta mfupi kuzunguka tangi la maji la shule ya msingi. Safari hii wageni tulikuwa sisi. Kabla ya kazi nilimwomba fundi wa pale jambo moja tu: asitustahi. Jioni akaweka timazi, akatikisa kichwa. "Hii bomoeni."

Msichana wa kidato cha tatu, aliyekuwa amepanga mistari minne peke yake, alilia. Kisha wakabomoa wenyewe, jua bado linawaka, watoto wa shule ile wakiwatazama na wengine wakicheka. Kufikia Ijumaa tulikuwa na mistari saba iliyonyooka. Iliyobaki aliipanga fundi, sisi tukimsogezea matofali na kumchotea maji.

Tulipokuwa kwenye basi kurudi Babati msichana yule alinipa daftari nimsahihishie insha ya safari. Ilianza hivi: "Siku ya kwanza tulijenga vibaya."