Mizani ya Mnunuzi

Mtu anunuapo kitu hutoa zaidi ya fedha. Hutoa jasho la siku zilizopita na tumaini la siku zijazo. Kwa sababu hiyo, adanganywapo na mwuzaji, hasara yake haihesabiwi kwa shilingi peke yake. Maneno haya niliyasikia nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, lakini sikuyaelewa mpaka yaliponifika mimi mwenyewe.

Nalikuwa nikifundisha katika shule ya kutwa, mahali ambapo nyumba nyingi hazikuwa na umeme. Jua lilipotua, masomo nayo yalitua. Wazazi 24 wa kidato cha pili wakaafikiana kuchanga shilingi 500 kila mmoja, ili zinunuliwe taa 12 zitumiazo nguvu za jua, wanafunzi waziazime kwa zamu. Baba mmoja aliuza kuku wake. Mama mmoja alileta sarafu zilizofungwa katika pindo la leso. Fedha zote, shilingi 12,000, nilikabidhiwa mimi.

Katika duka la mjini taa moja ilikuwa shilingi 1,500. Katika intaneti nilimwona mfanyabiashara aliyeziuza kwa shilingi 1,000. Picha zake zilimeremeta, na ahadi zake zilikuwa tamu: taa itawaka kwa muda wa saa 8 kila usiku, nayo itadumu miaka 2. Sikuuliza duka lake liko wapi. Sikuuliza alama ya ubora. Sikuuliza masharti ya kurudisha kilicho kibovu. Wazee walisema rahisi ghali, na methali hiyo mimi mwenyewe nalikuwa nikiifundisha darasani!

Taa zilifika, zikawaka vizuri usiku wa kwanza. Siku ya pili kijana mmoja aliiangusha moja njiani, gurudumu la baiskeli likaiponda. Zile 11 zilizosalia zilianza kufifia siku ya kumi, na kabla ya mwezi kwisha zote zilikuwa zimekufa. Nilimpigia simu mwuzaji, naye akanijibu kwa ufupi, "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Nilinyamaza. Niliona haya kuwakabili wazazi, nikaanza kupiga hesabu ya kuilipa hasara ile kwa siri kutoka katika mshahara wangu. Ndipo msichana mmoja aliponiuliza, "Mwalimu, neno lile ni sheria, au ni desturi ya mwuzaji tu?" Sikuwa na jawabu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu mimi niliyenyamaza.

Jioni ile tulikaa mbele ya tarakilishi ya shule. Intaneti ile ile iliyotuletea uongo ndiyo iliyotuletea dawa yake, kwa maana sheria za Kenya zimewekwa humo ili kila mtu azisome bila ya malipo. Tulifungua Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46. Tukasoma kwamba mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora ufaao, haki ya kupewa habari zimwezeshazo kufaidi alichonunua, haki ya kulindwa afya, usalama na mali yake, na haki ya kufidiwa apatapo hasara kwa ubovu wa bidhaa. Tukaisoma na sheria ya mwaka 2012 iliyotungwa kuwalinda wanunuzi. Hiyo hukataza mwuzaji kusema uongo juu ya ubora wa bidhaa zake, na humpasa auzaye katika intaneti kumweleza mnunuzi mambo waziwazi kabla ya mapatano kufungwa. Wanafunzi walitazamana. Tangazo la mwuzaji lilikuwa kubwa, lakini sheria ilikuwa kubwa zaidi.

Tukaandika barua ya adabu. Tulitaja siku tuliyonunua, bei, ahadi zote, na hali ya taa. Tuliambatisha picha ya tangazo na hati ya malipo. Tukasema kwamba tusipojibiwa katika siku 14 tutapeleka malalamiko yetu kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo huyapokea hata kwa njia ya intaneti. Na kwamba iko pia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mdai aweza kujisemea mwenyewe pasipo wakili.

Ilipofika mahali pa kuandika hesabu ya taa mbovu, mwanafunzi mmoja akasema, "Tuandike 12. Atajuaje?" Nakiri kwamba kalamu yangu ilisita. Mtu yule alikuwa ametudanganya. Shilingi 1,000 zingekuwa adhabu yake. Kabla sijasema neno, kijana aliyeiangusha taa akasimama, akasema, "Mwalimu, ile niliivunja mimi." Darasa lilitulia kimya. Nikaandika 11.

Siku ya tisa shilingi 11,000 zilirudi kwa njia ya simu. Niliwaita wazazi, nikawaeleza yote, pamoja na uzembe wangu. Hawakunilaumu kama nilivyostahili, na yule kijana alisamehewa. Tulikwenda wenyewe katika duka la mjini. Safari hii tulitazama alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, lililoundwa mwaka 1974. Tulikuwa tumekwisha kujifunza kwamba namba iliyo chini ya alama hiyo yaweza kupelekwa kwa ujumbe wa simu kwenda 20023, na jibu humwambia mnunuzi kama idhini ni ya kweli na ni ya nani. Tulinunua taa 7, zikabaki shilingi 500. Taa 7 zinazowaka hushinda 12 zilizozimika.

Kijana usomaye, siku moja nawe utashika fedha za jasho la wengine. Uliza kabla ya kulipa, kwa maana majuto ni mjukuu. Hifadhi hati zako. Ukidhulumiwa, usinyamaze kwa haya, bali isome sheria, maana imeandikwa kwa ajili yako. Lakini usisahau taa ya kumi na mbili. Mizani ya haki ina vitanga viwili, na mnunuzi adaiye uaminifu wa mwuzaji hana budi kuweka uaminifu wake mwenyewe katika kitanga cha pili.