Nilimwambia Tuko Wanne

Kati ya Kamembe, upande wetu wa Rwanda, na Bukavu, upande wa Kongo, pana mto tu. Kabla ya Machi 2020 nilikuwa navuka daraja la Rusizi ya Kwanza karibu kila siku, nachukua vitenge ng'ambo na kurudi kuvipanga mezani kabla jua halijapanda. Shangazi yangu ameolewa kule. Wanawe wamelelewa huku na huku, na kwetu sisi neno "mgeni" haliwahusu.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Rwanda alitangazwa tarehe 14 Machi. Wiki moja baadaye mipaka ikafungwa. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, na Mnyarwanda aliyekuwa nje aliruhusiwa kurudi kwa sharti la kukaa karantini siku 14 mahali palipotengwa. Siku 14, kwa sababu virusi vinaweza kukaa mwilini muda wote huo na mtu akawa anakula, anacheka, anatembea. Nilijua hivyo vizuri. Redio ilikuwa ikituambia kutwa kucha. Siwezi kusingizia ujinga.

Usiku mmoja mwishoni mwa Mei mlango wa uani uligongwa. "Dada, nifungulie upesi." Alikuwa mtoto wa shangazi, suruali imelowa mpaka magotini, begani ana furushi lililoviringishwa kwa nailoni nyeusi. Alikuwa amevuka Ziwa Kivu kwa mtumbwi. Ndani ya furushi mlikuwa na vitenge nilivyovilipia tangu Februari, mtaji wangu wote. Nitasema kweli: kabla sijamuuliza hali ya shangazi, niliingiza mkono kuona kama maji yamepenya.

Alikuwa akikohoa kidogo. Alisema ni baridi ya ziwani, nami nikataka iwe baridi ya ziwani.

Siku ya nne alikuja mhudumu wa afya, msichana mdogo mwenye barakoa na daftari la shule, pamoja na mkuu wa umudugudu, yaani kijiji chetu. Walisimama nje, mbali kidogo na kizingiti. Akauliza: "Mko wangapi humu ndani?" Nikasema wanne. "Kuna aliyetoka ng'ambo?" Nikasema hakuna. Mwanangu wa miaka saba alikuwa ameshika kanga yangu. Aliinua uso akanitazama, kisha akatazama pazia la chumbani. Yule msichana akaandika 4, akatushukuru, akaenda nyumba ya pili.

Tarehe 2 Juni serikali ilitangaza kwamba safari kati ya mikoa na pikipiki za abiria zitarejea kesho yake, isipokuwa katika wilaya yetu ya Rusizi na ile ya Rubavu. Baada ya siku mbili sisi tukarudishwa ndani kabisa. Mabasi ya Kigali yanayokatiza msitu wa Nyungwe hayakutufikia kwa miezi. Nami, mwenye furushi chini ya kitanda, nilikuwa wa kwanza kulalamika. Nilisema tunaonewa kwa sababu tuko pembeni mwa nchi. Nilisema mbele ya watu, kwa sauti.

Ni kweli amri ile ilimbana mno mtu anayeishi kwa kuvuka. Hilo nalisema hata leo. Lakini swali la yule msichana halikumbana mtu. Ningesema watano, ndugu yangu angepelekwa karantini, angepewa kitanda na chakula, siku zingeisha. Nilichokuwa naogopa kupoteza ni vitenge.

Katikati ya Juni jirani yangu, mama anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, tunayechota naye maji bomba moja, alichukuliwa na gari la wagonjwa. Walipokuja kutupima sisi wa karibu yake, ndugu yangu alikuwa amesharudi Bukavu kwa njia ile ile, na vipimo vyetu havikuonyesha kitu. Wakauliza tena kama tulipata mgeni. Nikakana tena. Mama yule alipona, akarudi, akakuta wateja wanakwepa beseni lake. Ilichukua muda mrefu watu kununua tena. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ugonjwa ulitoka nyumbani kwangu, na kwa miaka mingi nimeifanya hiyo kuwa kinga yangu.

Mwaka jana nilimwendea nikamweleza yote. Alikuwa anaanika sambaza. Hakunijibu mpaka alipomaliza kuzitandaza, kisha akaniuliza kama vile vitenge nilifanikiwa kuviuza.

Niliviuza vyote, na faida nikapata.