Jumapili ya Hamburg na Sinia la Kisauni

Katika jiji la Hamburg, ambalo ndilo bandari kubwa kuliko zote za Ujerumani, Jumapili hupambazuka kwa ukimya ambao mgeni aliyetoka Nyali, mjini Mombasa, huudhania kwanza kuwa ni msiba: supamaketi zimefungwa, mashine za kukatia nyasi ni marufuku katika mitaa ya makazi, na hata chupa tupu hazitupwi katika mapipa ya barabarani, kwa kuwa mlio wa kioo utawaudhi majirani. Malori yenye uzito unaozidi tani 7.5 hayaruhusiwi barabarani hadi saa nne za usiku. Kinachobaki wazi ni vituo vya petroli, stesheni za treni, duka la dawa la zamu, waoka mikate kwa saa chache, na lile Soko la Samaki la kando ya mto Elbe, ambalo limeruhusiwa kuuza alfajiri ya Jumapili tangu mwaka 1703, na ambalo wauzaji wake mpaka leo hufunga saa tatu na nusu asubuhi.

Utaratibu huu humkera sana mhamiaji mgeni, hasa yule anayekumbuka Jumapili asubuhi kwamba hamira imekwisha na mahamri hayatapikwa, lakini akiishi nao miaka kadhaa huupenda kiasi cha kuona uchungu kila anaporudi nyumbani na kuukosa. Asili yake si hulka ya Wajerumani, ambao siku sita nyingine hukimbizana na saa kuliko mtu yeyote wa Mombasa, bali ni sheria. Katiba ya Weimar, yaani ile ya jamhuri ya kwanza ya nchi hiyo, iliilinda Jumapili mwaka 1919, na kifungu hicho kikaingizwa katika katiba ya mwaka 1949 inayotumika hadi sasa. Berlin iliporuhusu maduka kufunguliwa Jumapili zote nne za Majilio, yaani majuma yanayotangulia Krismasi, makanisa yalikwenda katika Mahakama ya Katiba, nayo tarehe 1 Desemba 2009 ikayapa haki. Hoja ya mahakama hiyo ingefaa kusomwa Mombasa: kwamba siku hiyo haiwalindi waumini peke yao, kwa sababu mapumziko hupata maana ya kijamii pale yanapowafikia watu wengi kwa wakati mmoja, wakaweza kukutana.

Kenya nayo haikosi sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 27, humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini haitaji siku ipi, na hapo ndipo penye kasoro, kwani bawabu wa Nyali hupumzika Jumanne, keshia Alhamisi, na mpishi wa hoteli siku yoyote atakayopangiwa, kila mmoja peke yake, simu mkononi. Katika nyumba moja ya Kisauni, pilau ya Jumapili bado hupakuliwa katika sinia lile lile lililokuwa likizungukwa na watu wanane, ila sasa hufunikwa kwa kawa, yaani kile kifuniko cha ukili chenye umbo la pia, na kufunuliwa mara tatu: saa saba kwa wajukuu, saa kumi na moja kwa binti anayetoka zamu ya dukani, na saa tano za usiku kwa mwana anayeendesha bodaboda. Mama mtu huketi na kila anayefika, akimega tonge mbili tatu ili asile peke yake. Wajerumani, kwa upande wao, husafiri hadi fukwe za Nyali kutafuta utulivu, wakahudumiwa na watoto wa nyumba kama hiyo.

Wazee wa Mombasa hawakuandika katiba ya mapumziko. Waliijenga kwa mawe na chokaa. Baraza, yaani benchi lililoshikamana na ukuta wa mbele wa nyumba, lilijaa baada ya sala ya Alasiri, muuza kahawa akipita na dele lake huku akigonganisha vikombe, na watu wakicheza karata za wahedi wa sitini mpaka Magharibi. Nyali, kinyume chake, iliyokuwa shamba la mkonge, na iliyofikiwa kwa daraja la kuelea tangu mwaka 1931 hadi daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980, ilijengwa kwa kuta ndefu na malango. Husemwa kwamba simu ndiyo iliyoua baraza, lakini hoja hiyo ni nyepesi, kwani simu zimejaa Hamburg pia. Hata kama baraza lingejengwa mbele ya kila fleti ya Barabara ya Links, hakuna saa ambayo wakazi wake wote wangekuwapo. Methali za kukataza haraka zimejaa vinywani mwa watu wa pwani, lakini methali haijapata kufunga duka.

Itajibiwa kwamba mwenye bodaboda hulipwa kwa safari, na siku asiyotoka ni siku isiyo na unga, jambo ambalo ni kweli na ambalo mfanyakazi wa duka wa Hamburg, mwenye mshahara wa mwezi na chama cha kumtetea, halijui. Itaulizwa pia kama mji wenye Ijumaa na Jumapili utachagua ipi. Lakini si lazima iwe siku nzima, wala mfano hauna haja ya kutolewa Ulaya: maduka mengi ya Marikiti na ya Barabara ya Biashara hufungwa Ijumaa wakati wa sala, mteja akangoja au akarudi baadaye, na biashara ya mitaa ile haijafa kwa ajili hiyo. Maduka makubwa ya Nyali yakikubaliana kufunga pamoja Jumapili kuanzia saa nane mchana, keshia wa Kisauni atafika nyumbani pilau ikiwa bado ya moto, na gharama yake itakuwa wateja wachache kununua sukari yao Jumamosi.