Natafuta Mtu wa Kuzamia Naye

"Dada'angu, Sauzi siku hizi hakuna kitu. Bora utafute fremu hapa hapa Msimbazi, uuze vitenge."

Huo ndio ushauri niliopewa na muuza miwani wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nilipomwambia natafuta mtu wa kuzamia naye. Kosa lilikuwa langu, nakiri. Bongo neno hilo lina mambo yake. Ukizamia meli, maana yake umejificha humo uende Afrika Kusini au Ugiriki bila karatasi. Ukizamia harusi, umekula pilau ya watu bila kadi. Mimi kadi ninayo! Nilikuwa natafuta mtu wa kupiga naye mbizi, basi.

Mpenzi msomaji, ngoja nikupe mkasa wote. Kadi yangu ya PADI, ile ya daraja la kwanza, niliipata Nungwi, Unguja, baada ya siku nne za masomo na maji ya chumvi puani. Inaniruhusu kushuka mita 18, nisizidi. Halafu kuna sharti moja ambalo mwalimu alilirudia mpaka nikaliota usiku: usizame peke yako, uwe na mwenzi. Sababu yake ni rahisi. Ukishuka mita 10, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Ukifika mita 20, mara tatu. Na hewa ya mtungini unaimaliza kwa kasi hiyo hiyo. Kipumulio kikileta matata huko chini, hewa nyingine iliyo karibu iko mgongoni mwa mwenzako.

Basi Januari tukaja likizo Dar, wiki mbili, kwa shangazi yangu Mtaa wa Sikukuu. Mwenzi wa ndoa ninaye, tena mzuri. Mwenzi wa majini ndiye sina. Mume wangu ni mtu wa Mwanza, na MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, mjomba wake alikuwemo. Tangu siku hiyo, maji kwake mwisho ni vifundo vya miguu. Sijawahi kumlazimisha na wala sitafanya hivyo. Lakini nilipomwambia kwamba nitatafuta mtu mwingine wa kwenda naye, alinyamaza siku nzima. Wenye ndoa mnaujua ule ukimya.

Kwa pupa, nikapanda boti ya watalii na kupangiwa mwenzi tuliyefahamiana dakika kumi tu kabla ya kuruka majini. Alisema ameshazama mara 60. Sikuuliza zaidi. Huko chini, kama mita 11 hivi, akamwona kasa. Kasa akaondoka, na yeye akaondoka na kasa wake. Nikageuka kushoto, matumbawe. Kulia, bluu tupu. Tulifundishwa kwamba mwenzako akipotea unamtafuta dakika moja tu, usipomwona unapanda taratibu mkutane juu. Jamani, dakika ile ilikuwa ndefu kuliko foleni ya Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni. Nikapanda peke yangu. Jamaa akaibuka baadaye, akaniuliza kwa furaha kama na mimi nimemwona kasa!

Usiku ule sikumwambia mume wangu. Kesho yake nikamwambia. Hakufoka. Aliuliza swali moja tu: "Huyo mtu ulimjua vipi?"

Sikuwa na jibu.

Nikatoka kwa miguu kupoza kichwa. Kariakoo ni mahali pabaya pa kupoza kichwa, lakini mimi ndiyo nimeizoea. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko kuu lililobuniwa na msanifu wetu, Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na Julai 2021 likaungua. Nilipokuwa mdogo, shangazi alinishuka nalo mpaka shimoni, kule chini kwenye vyakula vya jumla, huku kanishika mkono kwa nguvu. "Ukinipotea usikimbie," aliniambia. "Simama hapo hapo, nitarudi kukuchukua." Na alirudi kweli, mara mbili.

Nikawaza hayo nikiwa nimesimama mbele ya duka la nyavu, kamba na maboya. Nilikuwa nataka mkanda mwingine wa miwani ya mbizi, maana wangu ulishaanza kuchanika. Kaunta alikaa dada wa makamo yangu, kajitanda ushungi, anapiga hesabu. Nikamweleza, nikasubiri kuchekwa. Hakucheka.

"Umezama mara ngapi?"

"Tano."

"Mara ya mwisho lini?"

"Juzi."

"Ulipofika juu, mtungi ulikuwa umebaki na ngapi?"

"Sabini."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayesahihisha. "Ulishtuka kitu?"

Nikamweleza habari ya kasa. Kumbe mwenzangu anazama miaka mingi, kila Jumapili ya kaskazi maji yakiwa safi. Duka ni la baba yake. Alikua akisikia wavuvi wakisimulia jinsi baruti inavyovunja matumbawe, akataka kuona kwa macho yake kilichobaki. Tukafanya mazoezi ya ishara pale pale juu ya kaunta, wateja wanatushangaa. Kidole gumba juu, ambacho mtaani ni "poa", majini maana yake "twende juu". Poa ya majini ni duara la kidole gumba na cha shahada.

Kesho yake nikarudi na mume wangu. Tulikunywa kahawa na kashata, na yeye akauliza maswali kuliko mimi. Akaonyeshwa jinsi watu wawili wanavyopumua kwenye mtungi mmoja. Alipoondoka alikuwa na namba ya simu ya yule dada. Mimi nilikuwa bado sijaiomba!

Kwa hiyo wewe mwenye kadi mpya, usione haya kuuliza. Muulize mwenzako amezama mara ngapi na lini. Mkubaliane kina, muda, na kiasi cha hewa cha kugeuzia. Kagueni vifaa, wewe vyake na yeye vyako. Ulizeni mkipotezana mtafanya nini. Anayekasirikia maswali hayo mwache aende na kasa wake. Na kama una safari ya ndege, baada ya mbizi zaidi ya moja subiri angalau saa 18.

Jumapili tukatoka Kunduchi kwenda Mbudya, mojawapo ya visiwa vilivyo kwenye hifadhi ya bahari ya Dar tangu 1975. Kwenye mita 12, miwani yangu ikajaa maji. Nikaanza kupumua kwa haraka. Dada akaja mbele yangu, akanishika mkono, akasimamisha kiganja: tulia. Hakuvuta, hakuharakisha. Alingoja mpaka nikayapuliza maji yote yakatoka, nikamwonyesha duara. Ndipo nikaona pono wanatafuna matumbawe, na taa mmoja kajifunika mchanga. Tulipanda pamoja, tukasimama mita 5 kwa dakika tatu, tukiangaliana kama watu wanaosubiri mwendokasi.

Boti ilipokaribia Kunduchi, mume wangu alikuwa amesimama ufukweni, mkono juu ya macho, anahesabu vichwa. Akatabasamu alipofika viwili. Akamwambia yule dada akifika Mwanza ajue ana sato wake anamsubiri, kisha akanipokea mapezi yangu. Viatu alikuwa ameviacha mbali mchangani. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.