Unaenda na Nani?

Mama hakuniuliza naenda wapi. Nilipompigia simu kumwambia nimepata likizo ya siku nne na nataka kutembea kidogo, swali lake la kwanza lilikuwa: "Unaenda na nani?"

"Peke yangu, mama."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Haya." Wenye mama mnaijua haya hiyo. Maana yake ni kwamba mazungumzo hayajaisha.

Sikumlaumu. Mama yangu ana miaka sitini na ushei, na maisha yake yote amesafiri kwa sababu tatu tu: msiba, harusi na kuuguza. Kila safari aliondoka na mtu, au kulikuwa na mtu anamsubiri stendi. Kwenda mahali kwa sababu tu unataka kupaona, tena bila mwenzako, kwake ni mambo ya wazungu na wanaume.

Na mimi sikuwa mbali naye sana. Nimezunguka mikoa mingi kwa kazi yangu ya habari, lakini ni kwa gari la ofisi, na dereva, mpiga picha na posho. Peke yangu, kwa hela yangu, nilikuwa nimejaribu mara moja tu. Nilifika mji mmoja saa tatu usiku, kwa sababu basi la jioni lilikuwa na nauli ndogo. Bodaboda akanipeleka gesti aliyoijua yeye, sh. 12,000. Kitasa kilikuwa kinacheza, komeo hakuna. Saa saba usiku mtu akagonga.

"Nani?"

"Wa mapokezi, dada. Nilitaka kujua kama umelala salama."

Alikuwa yule kijana aliyeniandikisha. Aliona daftarini nimeandika jina moja. Nikasema, "Mume wangu kalala, usimwamshe." Kisha nikasukuma kitanda hadi mlangoni, nikakaa juu yake mpaka adhana ya alfajiri. Hakugonga tena. Hakunigusa, hakunitukana, kwa hiyo nikajiambia sina cha kuripoti. Asubuhi akanisalimia kwa tabasamu: "Umeamkaje, dada?"

Ninachojuta zaidi kilitokea miezi michache baadaye. Ilinijia mezani makala ya mwenzetu mmoja kuhusu kusafiri kwa bei nafuu. Safiri usiku, ilisema, uokoe hela ya gesti. Panda bodaboda badala ya taksi. Usipange chumba mapema, ukifika utapata cha bei ya chini. Usipange sana, raha ya safari ni kutojua. Nikasahihisha nukta na mikato, nikaipitisha. Hapakuwa na uongo ndani yake. Ila mwandishi aliandika kama mwanamume bila kujijua, na mimi niliyejua nikanyamaza.

Safari hii nilitaka kwenda Kilwa. Tangu chuo nilikuwa na hamu ya kuiona kwa sababu ya Ibn Battuta, aliyetoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, peke yake, na mwaka 1331 akafika Kilwa na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Nikiwa mwanafunzi nilimwonea wivu kwa kuona dunia. Siku hizi namwonea wivu kwa kitu kidogo zaidi: alikuwa kijana wa miaka 21 aliyeweza kusema naondoka, akaondoka. Sisemi wanawake wetu hawakutembea. Siti binti Saad alikuwa akitoka Fumba kwenda mjini kuuza vyungu, kabla ya kuhamia huko mwaka 1911, na mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi nyimbo zake. Lakini hata yeye mjini alikwenda na vyungu. Mwanamke anayetembea mikono mitupu ndiye anayeulizwa.

Basi nikachukua daftari, nikachora mstari katikati. Kushoto nikaandika BEI, kulia USALAMA. Nikaanza kuipitia ile makala, ushauri mmoja baada ya mwingine.

Kusafiri usiku? Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na kweli unaokoa hela ya chumba. Lakini basi la usiku linakushusha gizani, na gizani ndiko bei inakopangwa na mwingine. Nikachagua basi la alfajiri. Hapo likaja tatizo jingine: mimi nakaa Kimara, na mabasi ya Kusini yanapatikana Mbagala Rangi Tatu. Kuyawahi kwa daladala ni kusimama kituoni saa kumi usiku. Kuyawahi kwa taksi ni hela. Nikaomba kulala kwa rafiki yangu Mbagala. Gharama yake ilikuwa kilo mbili za sukari.

Halafu mabasi ya Lindi na Mtwara mengi hayaingii Kilwa Masoko. Yanakushusha Nangurukuru, njia panda, ukatafute usafiri mwingine. Nikauliza mpaka nikapata linalofika Masoko kwenyewe.

Gesti nilipiga simu nne. Maswali yangu yalikuwa matatu: mlango una komeo kwa ndani? Usiku anakuwepo nani? Nje kuna taa? Wa kwanza alicheka: "Kwani dada unakuja na hela nyingi?" Wa pili alisema nisiwe na wasiwasi, yeye mwenyewe atanilinda. Nikakata simu. Wa tatu hakujua kuhusu komeo. Wa nne alikuwa mwanamke, na hakusubiri nimalize: "Komeo lipo, taa ipo, na mimi nalala hapahapa." Sh. 35,000. Ile yenye mlinzi wa kujitolea ilikuwa sh. 15,000.

Mdogo wangu nilimpa namba ya gesti, jina la basi na ratiba yangu, na nikamfungulia mahali nilipo kwenye simu. Tukakubaliana: nikimwandikia "ubuyu umeisha", apige simu gesti, asipojibiwa apige 112. Nikaandika pia kilipo kituo cha polisi, maana ndiko unakouliza Dawati la Jinsia na Watoto. Hela nikaigawa mara tatu: kwenye simu, pochini, na kwenye soksi.

Nilipojumlisha, safari ya makala yetu ingenigharimu sh. 160,000. Yangu ilikuwa 245,000. Hizo 85,000 za juu hazikuninunulia samaki mkubwa zaidi wala kitanda laini zaidi. Zilininunulia komeo, mwanga wa mchana na dereva aliyetajwa na mtu ninayemjua. Makala zetu za safari haziandiki gharama hiyo, na ndiyo maana wasichana wengi wakipiga hesabu wanaona zinatosha, kumbe hazitoshi. Nikabana kwingine: nikaenda katikati ya wiki, nikapanga kula kwa mama lishe, na mashua ya kuvukia nikachanga na wengine.

Safari yenyewe haikuwa na kisa. Tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa jua likiwa limeshapanda, tukapita Somanga kwenye harufu ya samaki wa kukaanga, mchana nikawa Masoko. Jioni nikaenda kula kwa mama mmoja karibu na soko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgeni? Umekuja na nani?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, pamoja na pete niliyonunua Kariakoo sh. 3,000. "Na mume wangu. Yupo gesti, kachoka."

"Haya," akasema. Ile haya ya mama yangu.

Kesho yake nikachukua kibali, nikavuka na wanafunzi wanne wa chuo na mwongoza watalii mmoja. Kilwa Kisiwani imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, na magofu yake mmeyaona pichani: Msikiti Mkuu, Gereza, Husuni Kubwa. Picha hazikuniandaa kwa upepo. Husuni Kubwa iko juu ya ukingo wa bahari, na birika lake la pembe nane sasa ni kavu. Nilikaa pale wenzangu wakipiga picha. Baadaye ndipo niligundua kwamba kwa karibu saa nzima sikugeuka kutazama nani yuko nyuma yangu. Sikumbuki mara ya mwisho hilo lilitokea lini, hata nyumbani Kimara.

Jioni nikarudi kwa mama lishe. Akanipakulia wali na pweza wa nazi, akakaa mbele yangu, akauliza taratibu:

"Huyo bwana wako hali chakula?"

Nikaanza kutunga, nikashindwa. Nikacheka, naye akacheka, mpaka nikamweleza yote, na ule usiku wa kugongewa pia. Alisikiliza bila kusema pole. Kisha akasema: "Ungesema tangu jana, mwanangu. Mwenye mume hatumwingilii, ana mwenyewe. Aliye peke yake ndiye tunayemtupia jicho."

Akamwita kijana wake wa bajaji, akamwambia, "Huyu mgeni wangu." Akamwambia na mwenye duka jirani. Siku iliyofuata nilipokwenda bandarini niliamkiwa na watu watatu nisiowajua, na mmoja akaniambia nisirudi kwa njia ya nyuma, kuna mbwa.

Sijautupa uongo wa mume. Kwa konda na kwa kijana wa mapokezi bado nitautumia, na pete ninayo. Lakini katika daftari langu, lenye komeo na taa na namba za simu, sikuwa nimeacha nafasi ya mtu wa kumwambia ukweli. Nilijificha kwa kila mtu kwa usawa, wakiwemo wale ambao wangenilinda bure. Safari ijayo swali la nne kwa gesti litakuwa: mama gani anauza chakula karibu na hapo?

Niliporudi nilimpigia mama. Nikamsimulia pweza, upepo, birika. Alisikiliza muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Hiyo gesti uliyolala," akauliza mwishoni, "ina chumba cha vitanda viwili?"

Nikamwambia nitauliza.