Ndururu ya Chini ya Mparachichi

Milimani, Nakuru

Mpendwa Wambui,

Mvua imenyesha, na mafundi wa bomba wamemaliza mtaro nyuma ya jikoni. Ile sarafu waliyoiokota chini ya mparachichi ninayo. Umenisihi niisugue kwa limau ing'ae ndipo nikupigie picha. Mwanangu, hapo sitakusikiliza.

Nilipokuwa na umri wako, nyanya alinipa senti zake, zimetungwa kwenye uzi kupitia tundu la katikati. Nilikaa mlangoni nikazisugua kwa jivu na mchanga mpaka zikawaka. Jioni nyanya alizipapasa moja moja kwa kidole gumba, akanyamaza. Maandishi yaliyokuwa yamebaki kwa shida nilikuwa nimeyamaliza mimi. Kimya kile bado ninakikumbuka.

Yako ni ndururu, senti tano, ya mwaka 1943, pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Imeandikwa East Africa, basi; mji haukutajwa. Niliipeleka dirishani, nikaiinamisha hivi na hivi chini ya kioo cha kukuzia, ndipo zikajitokeza herufi mbili ndogo: SA. Hiyo ni alama ya kiwanda cha fedha cha Pretoria. Ukikuta I, ni Bombay. H na KN zote ni Birmingham, ila ni viwanda viwili. Vita vilipochacha, kazi ya kutengeneza fedha zetu ilipelekwa pia India na Afrika Kusini, na ushahidi wake ni herufi ambazo limau na mchanga vingezila.

Wala usiseme ni ya Nakuru kwa kuwa imetoka kwenye udongo wetu. Fedha husafiri. Mwaka 1944 sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ziliokotwa kisiwani kaskazini mwa Australia. Zile hazina jina la mji. Zina jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu, na Kilwa kwenyewe ndiko zilikopatikana kwa wingi. Hata shaba za Wagiriki wa kale wataalamu huzitambua hivyo: alama ndogo, jina la mtawala, na mahali zinapojaa.

Kwa hiyo usimwahidi mnunuzi yeyote kwamba utamuuzia. Kwanza tutaipeleka pamoja makumbusho ya Hyrax Hill waitazame. Nimeifunga kwenye kitambaa, nikaandika siku na mahali ilipookotwa. Ukija likizo utaikuta kwenye droo ya juu, na udongo wake.

Shangazi yako akupendaye.